Kitrekta cha mtumba: kagua nyuma kwanza, injini baadaye

Muuzaji wa kitrekta cha mtumba ana wimbo mmoja: "Bosi, sikiliza injini." Na kweli injini huunguruma vizuri. Dizeli ndogo za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, ziwe Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura au Hinomoto, zenye silinda mbili au tatu na HP 15 hadi 20, zilitengenezwa kwa chuma kizito. Hata ikichoka, ringi, nozeli na gasketi ni kazi ambayo fundi yeyote aliyezoea mashine za kusaga anaijua. Pesa yako italiwa nyuma ya kiti: kwenye PTO (shafti ya nyuma inayotoa nguvu ya injini kwa vifaa), mikono ya haidroliki, propela shafti (ile inayounganisha PTO na kifaa) na rotaveta yenyewe, mashine ya kulimia yenye visu vinavyozunguka. Kwa hiyo ukienda kukagua, boneti iache ifungwe kwanza. Zunguka nyuma.

Shika ncha ya PTO inayotokeza, yenye meno sita na kipenyo cha milimita 35. Itikise juu na chini, kisha kulia na kushoto. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, beringi ya nyuma imekwisha, na sili yake kama haivuji leo itavuja kesho. Halafu tazama meno. Meno mazima yana mgongo bapa. Yaliyolika yamechongoka na upande mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwingine. Kuvisha propela mpya juu ya meno ya namna hiyo ni kuitupa, maana nayo italika ndani ya msimu mmoja. Kubadilisha shafti ya ndani kwa vitrekta vingi kunataka kufungua kasha la nyuma, na hapo bei ya kuelewana lazima ishuke sana, la sivyo ondoka.

Mikono ya kunyanyulia ijaribiwe ikiwa na mzigo. Funga rotaveta, nyanyua hadi juu, zima injini, kisha kaa pembeni utazame. Kushuka taratibu sana si hoja. Ikifika chini ndani ya dakika mbili tatu, kuna mpira wa pistoni ya haidroliki uliochoka au vali inayovujisha. Mpira wenyewe ni rahisi. Taabu ni pale silinda inapokuwa na mikwaruzo ya kutu, kwa sababu mpira mpya utakwaruzwa vilevile. Tazama pia matundu ya pini kwenye mikono: tundu lililokuwa duara likageuka yai linaeleza saa za kazi kwa ukweli kuliko mita ya saa, ambayo katika mitumba si ya kuaminiwa hata kidogo. Raba ya pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma kwenye mashine yenye "saa 600" inatosha kukupa jibu.

Sasa chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Katika vingi vya vitrekta hivi, oili inayolainisha gia ndiyo hiyohiyo inayonyanyua haidroliki, kwa hiyo ikiharibika inaua vitu viwili kwa pamoja. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na maji hayo karibu kila mara yameingilia juu, kwenye mpira unaovika shina la mti wa gia. Mpira huo hupasuka kwa jua, kitrekta kinalala nje masika nzima, na mvua inateremka moja kwa moja ndani ya giaboksi. Dawa: endesha mpaka oili ipate joto, mwaga, acha matundu wazi usiku kucha, tia oili ya bei nafuu, endesha dakika kumi huku ukinyanyua na kushusha mikono, mwaga tena, badilisha au osha chujio la haidroliki, ndipo utie oili ya kazi. Na mpira wa gia ubadilishwe siku hiyohiyo. Kipande cha tyubu ya gari kilichofungwa kwa waya kinafanya kazi vizuri tu. Ambaye hafanyi hata hilo atarudia kumwaga oili masika ijayo.

Jambo moja linawapotosha wengi: PTO ya hizi mashine ina gia zake, tatu au nne, na maandishi yake ni ya Kijapani. Gia ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mizunguko 540 kwa dakika, kasi ambayo mashine nyingi za kufyekea zimetengenezewa. Gia za juu ziliwekwa kwa ajili ya rotaveta kwenye majaruba ya mpunga, na ukifunga mashine ya kufyekea ukaiweka gia ya tatu, visu vinakimbia mara mbili ya kasi yake halali. Chuma kikikatika hapo kinaruka kama risasi.

Kama huna kipimo cha mizunguko, simu inatosha. Bandika utepe mweupe kwenye propela, piga video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde, kisha uitazame fremu moja moja. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde, kwa hiyo utepe unapaswa kurudi mahali pake kila baada ya fremu 27 hivi. Ukirudi baada ya fremu 14 au 15, uko karibu na mizunguko 1,000. Jaribu kila gia, kisha andika kwa rangi ya mafuta pembeni ya mti wa gia ya PTO: gia ipi, kasi ipi, kwa mlio upi wa injini.

Propela

Hapa ndipo mashine nyingi za mkoa huu wa Tanga zinapovunjika, na sababu karibu kila mara ni urefu. Rotaveta imenunuliwa kwa mtu mmoja, kitrekta kwa mwingine, propela imeokotwa kwa wa tatu. Ikiwa ndefu mno, ukinyanyua vifaa bomba la ndani linagonga mwisho na kusukuma beringi za pande zote mbili; kasha la rotaveta hupasuka, au PTO inasukumwa ndani. Ikiwa fupi mno, inachomoka shambani ikiwa inazunguka.

Namna ya kupima ni hii. Funga kifaa kwenye mikono mitatu bila propela. Nyanyua na ushushe polepole mpaka upate mahali ambapo ncha ya PTO na ncha ya kifaa zimekaribiana zaidi. Mara nyingi ni pale zinapokuwa kimo kimoja. Gawanya propela, vika kila nusu upande wake, zilaze sambamba. Kila bomba liwe fupi kiasi cha kubaki nafasi ya milimita 25 kabla halijagonga. Weka alama, kata bomba la nje na la ndani kwa kipimo kilekile, na plastiki za kukinga vilevile. Piga tupa kingo, paka grisi, unganisha. Kisha shusha kifaa mpaka chini kabisa uhakikishe mabomba bado yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake.

Ukiunganisha, angalia vichwa viwili vya katikati vilalie upande mmoja, uma wa huku ukitazamana sawa na uma wa kule. Vikipishana, propela hutetemeka hata kwenye pembe ndogo, na mtetemo huo hula kroseni zote mbili, yaani viungo vya msalaba vya kwenye ncha za propela. Kuna mabomba yenye umbo la limau yanayokulazimisha kuweka sawa, lakini ya mraba yanakubali kila namna na hayakwambii kitu. Kroseni zipewe grisi kila baada ya saa nane za kazi, nalo bomba linaloteleza lisisahauliwe. Likikauka, linashikana chini ya mzigo na kusukuma beringi kama vile propela ni ndefu mno.

Kisha kuna bolti ya kukatika. Imewekwa makusudi iwe dhaifu kuliko kila kitu kingine, ili kisu kikigonga kisiki cha mnazi ikatike yenyewe badala ya meno ya giaboksi. Kinachofuata unakijua: bolti imekatika mara mbili asubuhi moja, dereva amechoka, anatia bolti ngumu iliyoandikwa 8.8 kichwani, au kipande cha nondo. Kuanzia hapo chombo dhaifu ni PTO ndani ya kitrekta, na kuifikia mara nyingine kunataka kukitenganisha kitrekta vipande viwili katikati. Tumia bolti laini ya kipimo kilekile, yenye namba 4.6 kichwani kama kitabu cha kifaa hakisemi vingine, na weka kumi ndani ya boksi la spana. Ikikatika mara kwa mara mahali pasipo visiki, kosa ni kina au mwendo.

Vifaa vingine havina bolti hiyo. Vina klachi ya sahani zilizobanwa na springi, ambayo huteleza mzigo ukizidi. Kwa hewa ya chumvi ya huku pwani, klachi hiyo ikikaa kuanzia mwisho wa vuli mpaka masika, sahani zinashikana kwa kutu na hazitelezi tena. Iko palepale, inaonekana nzima, na haikingi chochote. Kabla ya kila msimu, piga rangi kwenye nati zote kuonyesha zilipo, legeza kila moja mizunguko miwili, funga kifaa kikiwa chini ardhini, ingiza PTO kwa sekunde mbili tatu. Utaona klachi inateleza na moshi kidogo wa kutu unatoka. Zima, ipoe, rudisha nati kwenye alama. Isipoteleza, ifungue yote upige msasa sahani.

Mashine ya kufyekea ina hatari yake. Visu vizito vikishazunguka havisimami upesi. Katika vitrekta vya zamani vyenye klachi ya hatua moja, PTO na magurudumu vinapokea nguvu kupitia sehemu ileile ya giaboksi. Unakanyaga klachi mwisho wa mstari, injini imejitenga, lakini visu vinavyoendelea kuzunguka vinarudisha nguvu kwenye magurudumu na kitrekta kinasonga mbele, mpaka kwenye seng'enge, mtaro au mti. Breki peke yake haitoshi. Tiba ni kiungo cha kuachia kinachovikwa kwenye ncha ya PTO: kinavuta upande mmoja na kuteleza upande wa pili, sawasawa na friwili ya baiskeli. Kwa kuwa kinaongeza sentimita kadhaa nyuma, propela lazima ipimwe na kukatwa upya. Anayekivika bila kukata propela amehama kutoka tatizo moja kwenda jingine.

Na nguo. Kikoi, kanga, kanzu, shati lisilofungwa vifungo: hakuna kinachosogea karibu na propela inayozunguka. Plastiki ya kukinga ikivunjika, kazi isimame mpaka ipatikane nyingine.

Rotaveta na udongo wetu

Kitrekta cha HP 15 kinaendesha rotaveta ya upana wa mita 1.1 hadi 1.2 bila kulalamika. Ya mita 1.4 kitaivuta kwenye mchanga wa pwani, lakini ukiingia kwenye udongo mwekundu wa Muheza utaona moshi mweusi. Upana pia unatakiwa ufute alama za matairi. Kama rotaveta ni nyembamba kuliko kitrekta, isogeze pembeni ifute angalau tairi moja, na zungukia shamba upande huo.

Rotaveta si jembe la kwanza kwenye ardhi ngumu. Udongo mkavu wa Januari huirusha juu, kila pigo linapokelewa na giaboksi, na unachopata ni vumbi juu na gamba chini. Subiri mvua. Chukua udongo wa kina cha kiganja, ufinye uwe donge, udondoshe kutoka kiunoni. Ukisambaratika, ingia shambani. Ukibaki donge, kuna maji mengi na utafinyanga tofali. Usipokubali hata kuwa donge, rudi nyumbani. Pita mara mbili: ya kwanza sentimita 5 hadi 7, ya pili 12 hadi 15, gia ya mwendo wa chini kabisa au inayofuata.

Ule ubao wa nyuma una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukifungwa chini, udongo unasagwa laini na shamba linapendeza kwa picha. Kwenye udongo wa kichanga, mvua kubwa ya kwanza ya masika inaupiga unga huo na kuufanya ukoko, mahindi yanashindwa kutokeza. Uinue ubao, acha madonge ya saizi ya limau. Shamba linaonekana baya lakini linakunywa maji.

Visu vya Kijapani ni vyembamba, vimepinda, na viko vya kushoto na vya kulia. Vingine vinachomekwa kwenye soketi na kushikwa na bolti moja, vingine vinafungwa kwenye sahani kwa bolti mbili, na havibadilishani. Kabla hujafungua hata kimoja, piga picha mpini wote (shafti inayobeba visu) kuanzia kushoto hadi kulia, kisha badilisha kimoja kimoja. Kingo yenye makali itangulie kuingia udongoni. Vikigeuzwa vyote, rotaveta inarukaruka na injini inazama. Vikichanganywa kushoto na kulia, shamba litabaki na tuta au mfereji katikati ya kila pito. Vile vya mwisho pande zote mbili vipinde kwenda ndani. Hapa, tofauti na bolti ya kukatika, tumia bolti ngumu ya 8.8 na washa ya springi, ukaze tena baada ya saa ya kwanza ya kazi. Mchanga wenye vipande vya matumbawe, kama ule wa viwanja vya karibu na bahari, hula visu haraka. Kikibaki nusu ya upana wake kinakuwa kijiti cha kukoroga, hakikati tena. Kuchomelea kiraka juu ya kisu kilicholika ni kamari, kwa sababu chuma cha springi kikichomwa ovyo kinakuwa kigumu na kuvunjika pale pale pembeni ya weldi.

Adui mkubwa wa rotaveta katika mkoa huu lakini ni mkonge. Mashamba mengi yanayolimwa sasa yalikuwa ya mkonge, na visiki na majani yaliyooza nusu bado yamo ardhini. Nyama ya jani inaoza, nyuzi zinabaki. Zinajizungushia kwenye mpini wa rotaveta, zinasogea mpaka mwisho pembeni, zinaingia kwenye ule mwanya kati ya mpini na bamba la ubavu. Hapo zinakazwa na kila mzunguko mpaka zinakuwa kigae kigumu chenye joto, zinakata mdomo wa sili. Oili ya kasha la pembeni inatoka tone kwa tone udongoni ambako hakuna anayeiona, mnyororo au gia zinakauka, na siku beringi inapolia imeshachelewa. Kamba za manila na nyuzi za viroba vya plastiki zinafanya vilevile, tena kwa kasi zaidi.

Kila baada ya saa moja kwenye shamba la namna hiyo, simama. Shusha rotaveta mpaka karibu na chini, iegemeze juu ya magogo, zima injini, toa ufunguo. Zungusha mpini kwa mkono na ukate nyuzi kwa kisu kikali kando ya bamba zote mbili. Usizivute kwa nguvu, zitaingia ndani zaidi. Jioni, fungua bolti ya kupimia oili kwenye kasha la pembeni. Oili ya gia namba 90 inatakiwa ifike mdomoni mwa tundu. Ikiwa imepungua bila kuona uvujaji kwa nje, sili imekwisha na usilale na hilo.

Penye ndago, rotaveta inaongeza ndago. Inavunja minyororo ya vijiviazi vyake na kuvisambaza shamba zima. Hapo heri jembe la kugeuza wakati wa kiangazi, viazi vyake vikauke juu ya jua, rotaveta ije baadaye.

Kwenye michungwa

Katika mashamba ya machungwa ya Muheza rotaveta iache nyumbani. Mizizi inayolisha mchungwa iko juu juu, na visu vinaikata bila dereva kujua. Jeraha hilo ndilo mlango wa ugonjwa wa kuoza mizizi. Kazi hapo ni ya mashine ya kufyekea, ya upana wa mita 1 hadi 1.2, ikipita katikati ya mistari tu. Chini ya mwavuli wa mti iwe panga au jembe la mkono lisilozama. Fyeka kwenye kimo cha sentimita 8 hadi 10. Ukishuka chini zaidi, visu vinapiga vichuguu na mawe, na ardhi inabaki uchi kwenye jua.

Shamba litembelewe kwa miguu kwanza, na visiki viwekewe kijiti chenye kitambaa. Bomba la moshi lililosimama wima lipindwe lilale, kwa sababu matawi ya chini yatalivunja au litayachoma. Mbele ya rejeta funga wavu mwembamba wa dirishani; mbegu za nyasi zikijaa kwenye mapezi ya rejeta, joto linapanda ndani ya nusu saa, na mapezi yaliyozibwa ndani hayaonekani kwa nje. Futa wavu kila mwisho wa mistari michache.

Kuhusu joto: baadhi ya Yanmar za zamani, YM1500 na YM2000 kati yake, hazina pampu ya maji. Maji huzunguka yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Mfumo huu haukubali upungufu. Kiwango kikishuka chini ya mdomo wa hozi ya juu, mzunguko unakatika kabisa na injini inachemka hata kama rejeta imejaa robo tatu. Na usitie maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wa matumbawe vina maji magumu au ya chumvi, yanayoacha magamba meupe ndani ya injini. Maji ya mvua yaliyokingwa bati, ukachanganya na kizuia kutu cha rejeta, ndiyo yafaayo.

Injini yenyewe

Mwambie muuzaji aiache ipoe. Shika bloku kwa mkono ukifika; ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika na ana sababu. Kwa joto la Tanga, dizeli nzima inawaka kwa plagi za joto za sekunde chache tu au bila hizo. Ikizungushwa muda mrefu, ama kuna hewa kwenye dizeli ama mbano umeshuka. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili: moshi unaopiga pumzi kwa nguvu ni ringi. Fungua rejeta ikiwa bado baridi: mapovu yasiyokwisha ni gasketi ya hedi. Pengo la vali katika nyingi ya hizi ni karibu milimita 0.2 injini ikiwa baridi, ila fuata kitabu cha modeli yako. Oili 15W-40 inatosha. Zaidi ya hapo, ni injini tu.

Matairi na tela

Ya nyuma hupatikana kwa kutafuta. Tatizo liko kwenye vitrekta vinavyovuta magurudumu manne, ambapo mtu hufunga mbele tairi lolote linaloingia kwenye rimu, mara nyingi la pawatila, la 6.00-12. Tairi za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa gia, na za mbele zinapaswa kukimbia haraka kidogo kuliko ardhi, asilimia 1 hadi 5. Zaidi ya hapo au chini ya hapo, gia za mbele zinapigana na zile za nyuma. Pima kwa chaki: ukiwa kwenye udongo laini, toa nguvu ya mbele, endesha mpaka tairi la nyuma lizunguke mara 10, hesabu la mbele, pamoja na vipande vya mzunguko. Rudia nguvu ya mbele ikiwa imeingizwa. Hesabu ya pili izidi ya kwanza kidogo tu. Ikiwa ndogo, matairi ya mbele ni madogo kuliko yale gia inayoyajua. Na kwenye lami au barabara ngumu, toa nguvu ya mbele daima.

Rotaveta ikinyanyuliwa, mbele hubaki pepesi na usukani haushiki. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege ina kilo 48 hivi. Mbili zilizofungwa imara kwenye bampa zinatosha kwa wengi.

Tela la machungwa livutwe kutoka kwenye ndoano ya chini, kamwe lisifungwe kwenye pini ya mkono wa juu. Likifungwa juu, mzigo unavuta kitrekta kuinuka mbele na kumpindukia dereva, na hivi vya zamani vingi havina fremu ya kukinga. Kitrekta cha kilo 700 kikivuta tela la tani moja lisilo na breki kwenye mteremko, tela ndilo linaloamua mwendo.

Kuhusu vile vitrekta vya bustani vya Marekani, kama Cub Cadet ya kwanza ya International Harvester ya 1961 au John Deere 110 ya 1963: ukikutana na kimoja kimeletwa ndani ya kontena, jua kwamba ni jamii nyingine. Ni vya petroli, silinda moja, vilitengenezwa kwa kukata nyasi za nyumbani, na vifaa vyao vina ushikaji wao. Rotaveta ya Kijapani haifungiki. Injini za Kohler za mfululizo wa K zilizomo ndani ya vingi hazina pampu ya oili. Oili hurushwa na kijiko cha konrodi, kwa hiyo kiwango kikishuka au ukifanya kazi kwenye mteremko mkali, konrodi hukauka na kuvunjika. Pengo la platini ni milimita 0.5. Kwa kuvuta tela dogo la maji kwenye bustani, vizuri. Kwa shamba, hapana.

Spea zisikutishe. Usiende dukani kuomba "sili ya Yanmar". Omba kwa namba. Sili yoyote imeandikwa vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa milimita, na beringi zina namba zinazojulikana dunia nzima: 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15, 6206 ni 30 kwa 62 kwa 16. Duka lolote la beringi mjini linazo. Kila unapofungua kitu, safisha namba, ziandike kwa rangi ndani ya boneti pamoja na jina la mahali ilipotoka. Kama namba imefutika, pima kwa kalipa, na kama shafti imechimbwa mfereji na mdomo wa sili ya zamani, sili mpya isukumwe ndani au nje milimita mbili ili mdomo ukae juu ya chuma laini. Shafti iliyochimbika sana mpe fundi wa kukereza aivike pete nyembamba, kisha tafuta sili ya kipenyo hicho kipya.